Kukariri sio tusi, shida yetu ni kwamba hatudurusu

Siku hizi ukitaka kumnyamazisha mtu kwenye mabishano mwambie tu "wewe umekariri", kwisha habari yake. Hapa Mwanza utalisikia kila kona, kijiweni Makoroboi watu wakibishana mpira, kwenye daladala za kwenda Buhongwa, maofisini, ata makanisani siku hizi. Usikariri maisha. Acha kukariri. Hayo umekaririshwa. Yani neno ambalo zamani mwalimu alikuwa anakupa kama kazi ya nyumbani, nendeni mkakariri shairi hili kesho mje mlighani, leo limekuwa jina la mtu mwenye akili iliyoganda. Nimelifikiria hili muda mrefu na nimefika mahali naona tunalionea hili neno, na kwa kulionea tunakosea kuujua ugonjwa wenyewe uko wapi, na wanaoumia ni watoto walioko madarasani saa hizi.

Tuanze na lilikotoka. Kukariri asili yake ni Kiarabu na maana yake ya kwanza ni kurudia, kufanya kitu tena na tena, basi, hakuna habari ya ubongo hapo. Na hiyo maana ya kwanza haijafa, ipo hai kabisa kwenye elimu yetu, mtoto wa kidato cha pili asipofikia wastani kwenye upimaji wa taifa tunasema anakariri darasa, na hakuna mtu anayesikia hapo kwamba anamezeshwa kitu, tunajua anarudia mwaka. Baadae ndo likaongezeka la pili, kurudia mpaka kitu kikae kichwani, shairi, tebo ya kuzidisha, aya. Alafu la tatu ambalo ni la mtaani na ni la juzi juzi tu, kushikilia wazo moja hata kama dunia imebadilika, mtu anayedhani kila aliyevaa tai ana hela huyo kakariri. Ukiangalia vizuri hiyo safari utaona kitu, neno limeanza kama kitendo cha mguu, kurudi ulipopita, likawa kitendo cha kumbukumbu, sasa limekuwa hukumu juu ya mtu. Na tulipofika kwenye hukumu ndo tukaacha kuuliza, huyu aliporudia, alirudia vipi?

Mana kukariri lina ndugu yake, na huyo ndugu ndo tumempoteza. Kudurusu. Nalo ni la Kiarabu, mzizi mmoja na darasa, na madrasa, na mudarisi. Kudurusu ni kurudi kwenye somo ulilokwisha kusoma ukalipitia kwa makini, unatafuta nini umeelewa, nini hujaelewa, nini ulidhani umeelewa. Wenzetu Kenya wanalo mdomoni kila siku, mtahiniwa anadurusu, vitabu vya marudio vinaitwa vya kudurusu, kwetu huku ukimwambia kijana wa Nyakato nenda kadurusu atakuangalia mara mbili. Sisi tunasema kupitia, kujisomea, kusolvu, kupiga msuli, na wale wa usiku wa kuamkia mtihani wanasema kukremu.

Mimi sina ugomvi na kupitia, ni neno letu la Kibantu na ni zuri mno, tatizo tumelilegeza. Kiswahili hakikosei kwenye hivi vijitamko vya mwishoni. Kupita ni kupita tu, umepita Igoma ukaenda zako Kisesa. Ukiongeza hiyo "i" ikawa kupitia, tayari kuna kitu unakilenga, nimepitia mahesabu, nimepitia mkataba, yani macho yangu yamegusa kila mstari kwa makusudi. Lakini ukilirudufisha likawa kupitapita, basi umetembea tu bila shughuli, kama vile kusoma na kusomasoma, kushika na kushikashika. Sasa muulize mwanafunzi ambaye wiki ijayo ana mtihani, umepitia baiolojia? Atakujibu nimeshapitia yote. Mwombe akuonyeshe alivyofanya. Atafungua daftari, notisi zimepigwa rangi ya njano na ya pinki ukurasa mzima mpaka huoni lipi la muhimu lipi la kawaida, na atakwambia kasoma mara nne mwanzo mwisho. Kwa Kiswahili chetu wenyewe huyo kapitapita. Hakuna mahali aliposimama, hakuna sehemu aliyofunika daftari akajiuliza hivi mimi hapa najua nini, na ile rangi ya njano ukimuuliza kwanini aliiweka hapo anasema mwalimu alisema ni muhimu.

Nikitaka kuona kupitia kunakofanana na kupitia nashuka Igombe asubuhi boti zikisharudi. Mvuvi anakaa chini kwenye mchanga, nyavu ya sangara imelundikwa upande wa kushoto, anaivuta mbele yake kidogo kidogo na kuilaza kulia, vidole vinapita tundu kwa tundu, na haongei sana mana akiongea anaruka. Akifika palipochanika hashoni hapo hapo. Kwanza anatoa kisu anakata nyuzi zilizolegea pembeni ya tobo, yani tobo linakuwa kubwa kuliko alivyolikuta, mpaka afike kwenye fundo zima ambalo ukilivuta halisogei, ndo anachukua sindano na kuanza kusuka kuanzia hapo. Pale pazima anapita haraka, hapotezi uzi wake. Kijana anayejifunza kazi mara nyingi anakosea hapo hapo, anaona huruma kukata, anafunga tobo lilivyo, na usiku sangara mmoja tu mkubwa anafumua lote. Hivo ndo nataka mtoto arudie kemia, apite haraka kwenye anachokijua, asimame kwenye tobo, na akubali tobo lionekane kubwa kabla halijazibwa.

Na hili sio hisia zangu, limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Washington kule St. Louis Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichukua wanafunzi wakawapa kifungu cha maandishi wakisome. Kundi moja likasoma vipindi vinne mfululizo, kurudia tu kusoma, kwa wastani walikipitia kile kifungu kama mara 14 hivi. Kundi jingine likasoma kipindi kimoja, hao walikipitia mara 3 na kitu, alafu vipindi vitatu vilivyobaki wakafungiwa kifungu wakaambiwa andikeni mnachokumbuka, wakamaliza wakaambiwa andikeni tena, na tena. Baada ya dakika tano wale waliosomasoma walikuwa juu, walikumbuka asilimia 83 na wenzao 71. Sasa subiri wiki ipite. Waliosoma vipindi vinne wakabaki na asilimia 40, waliojiuliza wakabaki na 61. Na kinachoniuma kwenye habari hii ni kwamba walipoulizwa mwanzoni mnadhani mtakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliojiamini zaidi ni hao hao waliorudia kusoma. Ndo "nimeshapitia yote" ya mtoto wetu. Sio muongo, anaamini kweli, mana kitu ukikisoma mara ya nne kinateleza, kinakuwa laini mdomoni, ukadhani ulaini ndo kujua.

Zamani kabla ya hao Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akatoa majibu yake, ndani ya siku moja tu karibu theluthi mbili ya alichojifunza ilikuwa imeshaondoka, alafu baada ya hapo upotevu unapungua kasi, mwezi mzima ukipita bado kuna kama sehemu ya tano imebaki. Maana yake kurudi ni lazima, hakuna kichwa cha binadamu kinachoshika kwa mara moja, anayesema kurudia ni ujinga hajui anachosema. Ila siku ya kurudi inahusika na namna ya kurudi inahusika.

Kwa iyo narudi kwa hao wanaotukana kukariri. Wanasema elimu yetu mbovu kwasababu watoto wanakariri, wanataka kuelewa, na mitaala tangu 2005 inaimba umahiri umahiri. Sawa. Lakini nenda madrasa yoyote hapa mjini uone wanavyohifadhi. Mtoto hapewi aya mpya akaachwa nazo, anasikilizwa za leo, anasikilizwa za jana, na kuna muda wake wa muraja'a, yani kuzirudia zile za zamani, na anasikilizwa huku msahafu umefungwa upande wake, umefunguliwa upande wa ustadhi. Akiteleza anasimamishwa hapo hapo. Hiyo ni kukariri, hakuna jina lingine, na ndani yake kuna kudurusu kamili, kuna kujipima, kuna kurudi kwa mpangilio, kuna wa kukurekebisha. Ukija kwenye shule zetu nyingi za sekondari tumechukua lile jina baya la kukariri alafu hata hatukariri vizuri, yani tumekosa vyote.

Na mtoto hakufika hapo kwa uvivu tu. Darasa la sita alisoma usanisinuru kwa Kiswahili, akaelewa kabisa kwamba jani linatumia mwanga kutengeneza chakula, akafika kidato cha kwanza lugha ikabadilika, anaambiwa aandike maana ile ile kwa Kiingereza ambacho sentensi yake ndefu hana uwezo wa kuijenga mwenyewe. Atafanya nini? Anaibeba kama ilivyo kwenye notisi, neno kwa neno, akikosa neno moja katikati yote inaanguka. Muulize kwanini mche ulioachwa stoo gizani umepauka, anakaa kimya, na jibu analo, analo kwa Kiswahili toka shule ya msingi, hakuna aliyemrudisha kule akachukue. Huyu ukimwambia umekariri umemwonea, ungemwambia turudi nyuma tuangalie ulichokijua ungemsaidia. Kuna walimu wanafanya hivo kimya kimya, wanafunga mlango wanafundisha kwa Kiswahili dakika kumi kisha wanarudi kwenye Kiingereza, na mimi nawaheshimu sana hao.

Mtu wa kurudi nyuma kwa maana ninayoitaka huku ziwani tunaye, na sio wa kufikirika. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, miaka ikapita. Hakuitupa na wala hakuishia kuisifia kwamba nishaandika, alirudi kwenye kazi nzima na kuiandika upya yeye mwenyewe kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na ikatolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam mwaka 1980, yeye akafariki mwaka uliofuata. Mtu anayetafsiri kazi yake mwenyewe hawezi kupitapita. Kila neno linamuuliza, hivi ulimaanisha nini? Kwa maoni yangu watoto wa Mwanza wangepaswa kumjua kwa hilo kabla ya lingine lolote.

Kuna kitu kingine ndani ya Kiswahili ambacho tumekisahau na kinanisaidia hoja. Kurudi sio tu kwenda ulikotoka. Wazee wanasema kumrudi mtoto, maana yake kumrekebisha, kumuonya, kumfundisha adabu, na kwenye Biblia ipo, ampendaye humrudi mapema. Leo kijana ukimwambia baba yake alimrudi anaelewa baba karudi nyumbani. Lakini sikiliza hilo neno, Kiswahili kimeweka kurejea na kurekebisha kwenye kitenzi kimoja, kana kwamba waliolitumia kwanza hawakuona sababu ya mtu kurudi mahali kama hana cha kunyoosha. Na methali yetu ile kila mtu anaijua, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hapo kurudia ni ule wa hatari, ule wa kupita palepale kwa namna ileile. Watu wa mpira wanaelewa haraka zaidi, mechi ya marudiano unakutana na timu ile ile lakini kocha anayejua kazi haingii uwanjani Kirumba na kikosi kile kile kilichopigwa bao tatu ugenini.

Nitasema na hili ingawa ni zito. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama hapa hapa karibu na Bwiru, mji ukiwa unaonekana, mamia ya watu wakafa, na makaburi ya Igoma yapo na kila mwaka tarehe hiyo watu wanaenda, wanasoma dua, wanaweka maua. Meli ilikuwa imebeba kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka ikikaribia kabisa kisiwa cha Ukara, kivuko cha watu 101, waliokufa peke yake walizidi 220. Miaka 22 katikati. Sijaandika haya kumnyooshea mtu kidole, na kwenda Igoma kila Mei ni wajibu wetu, marehemu wale ni ndugu zetu na wanastahili zaidi ya hapo. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu nayo inaweza kukaririwa bila kudurusiwa. Tunajua tarehe, tunajua jina la meli, tunajua idadi, mtoto wa darasa la nne ukimuuliza anataja. Muulize mtu mzima anayepanda kivuko kesho kwenda Ukerewe au Kome, chombo hiki mwisho watu wangapi, na ukiona wamezidi unamwambia nani, unashuka au unabaki? Huko ndo kwenye somo lenyewe la 1996, na huko ndo hatujarudi. Mimi nataka siku ile ya kumbukumbu, baada ya dua, mtu asimame pale asome uwezo wa kila kivuko kinachotoka kwenye mialo yetu, jina na namba, watu wasikilize.

Turudi darasani nimalizie. Nikisema tufufue kudurusu sidai semina wala vifaa, mana kile kitu tulikuwa nacho. Aliyesoma shule ya msingi hapa nchini anakumbuka daftari la hisabati, mwalimu akishasahihisha na kuweka vyema na kosa kwa kalamu nyekundu, unapiga mstari chini, unaandika kichwa cha habari "Masahihisho", unafanya upya yale uliyokosa tu. Sio yote. Uliyokosa tu, na hurudishiwi daftari mpaka yawe vyema. Sijui njia bora ya kumfundisha mtoto wa miaka tisa kwamba kurudi ni kwa ajili ya tobo. Sasa fuatilia kinachotokea akifika sekondari, darasa lina watoto wengi kuliko madawati, mwalimu mmoja ana mikondo mitano, karatasi za mtihani zinarudishwa zimeandikwa 34 juu kwa duara, mtoto anaangalia ile 34, anaikunja, inaenda chini ya begi, wiki ijayo topiki mpya. Yale maswali aliyokosa yamekufa pale pale mpaka atakapokutana nayo Novemba kwenye karatasi ya taifa.

Na pasti pepa wanazosolvu kwenye magrupu usiku ni hivo hivo. Wanasolvu ya 2015, ya 2016, ya 2017, anayejua anaandika ubaoni wengine wanakopi, mwisho wa wiki mtu anajivunia kamaliza miaka kumi. Ungemwambia afanye miaka miwili tu lakini kila swali alilokosa aliandike kwenye daftari la pembeni, kesho yake alifanye bila kuangalia jibu, na baada ya wiki alifanye tena, angekuwa mbali sana kuliko mwenzie wa miaka kumi. Hii mzazi ambaye hakufika ata kidato cha kwanza anaweza kuisimamia, haihitaji ujue fizikia, unamwambia mwanangu nionyeshe ulichokosa juzi, sasa funga daftari unieleze mimi. Akieleza ukaona anababaika, mwache arudi akasome hapo tu.

Kwa walimu ombi langu ni moja. Matokeo ya moku, yani mtihani wa majaribio, yakitoka msikimbilie kubandika nani wa kwanza nani wa mwisho. Toeni vipindi viwili, kila mwanafunzi na karatasi yake mkononi, apige mstari, aandike Masahihisho juu, afanye yale yaliyomshinda, kwa Kiswahili kwanza kama Kiingereza kinamfunga, na karatasi ya pili ikusanywe kama ya kwanza ilivyokusanywa.